Mafundi wa Injini Ndogo

Injini za dizeli za ndege za mfano zilizotengenezwa Uingereza miaka ya 1940 na 1950 hazikuhitaji plagi wala betri. Etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo viliwaka kwa mgandamizo tu, uliorekebishwa kwa skrubu juu ya silinda. Baadhi ya mafundi walipitisha hewa na mafuta kwenye tundu la shafti, wengine kwenye kisahani cha nyuma. Kazi ngumu zaidi ilikuwa pistoni, kwani nyingi hazikuwa na ringi. Fundi aliikereza, akaisugua ndani ya silinda yake, akafuta, akapima, akarudia, hadi isivujishe wala isikwame. Nauheshimu sana mkono huo. Injini zilizotunzwa vizuri bado huwaka, propela ikizungushwa kwa kidole.