Kalamu ya Winston Churchill

Wasomaji wengi walijua jina la Winston Churchill kwa sababu ya vita vya mwaka 1939 hata 1945, maana ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza tangu 1940. Wachache wajua ya kuwa kalamu ilimlisha tangu ujana, na ya kuwa mwaka 1953 alipewa tuzo ya Nobel, tena kwa uandishi. Twataka kuvipima vitabu vyake viwili vihusuvyo Afrika, maana vyatuonyesha limpatalo mwandishi aingiapo katika utawala.

Alikuwa askari kijana alipokwenda Sudani mwaka 1898 na jeshi la Kitchener, huku akiliandikia gazeti la Morning Post habari za vita. Baadaye alitunga The River War, yaani Vita vya Mto, mabuku mawili makubwa yaliyotoka mwaka 1899. Hicho twakisifu bila kusita. Mwenye kukiandika alipigana Omdurman upande wa washindi, walakini hakuwafanya washindi kuwa malaika. Alilaumu jinsi majeruhi wa adui walivyotendewa. Alimlaumu Kitchener, jemadari wake mwenyewe, kwa kuharibiwa kaburi la Mahdi na maiti yake kukatwa kichwa. Kijana wa miaka 24 kumsema hivi mkubwa wa jeshi si jambo dogo.

Mwaka 1900 akaingia Bungeni. Jina lake lilikuwa limevuma kwa kuwatoroka Makaburu waliomfunga Pretoria, na vita vile aliviendea kwa kazi ya gazeti lile lile, kwa mshahara wa pauni 250 kila mwezi. Basi gazeti lilimfungulia mlango wa siasa.

Mwaka 1902 The River War ikatoka tena, sasa buku moja tu. Kufupisha kitabu si kosa. Viko vitabu vingi ambavyo twaomba vifupishwe! Lakini tazama kilichokatwa: mengi ya maneno makali juu ya Kitchener hayamo. Sababu zaweza kuwa zaidi ya moja, hata hivyo asomaye chapa hii ya pili peke yake hupata vita safi kuliko vile vilivyopiganwa.

Kitabu cha pili ni My African Journey, Safari Yangu ya Afrika, cha mwaka 1908. Mwaka uliotangulia Churchill, akiwa naibu katika Wizara ya Makoloni, alisafiri kutoka Mombasa kwa reli, akavuka Nyanza mpaka Uganda, kisha akafuata Nili kwenda kaskazini. Habari hizo aliziuza kwanza kwa Strand Magazine. Asimulia vizuri mno: twamwona ameketi mbele ya gari la moshi akitazama wanyama, na huko Jinja twamsikia akiwaza jinsi nguvu za maji zitakavyotumika. (Bwawa la umeme lilifunguliwa huko mwaka 1954.) Lakini Wakikuyu awaita watoto, ingawa akiri kuwapenda. Mtu aliyepita kwao siku chache tu, akiongozwa na maofisa, alijuaje?

Juu ya Wahindi aliandika kwa haki zaidi. Alikumbusha ya kuwa askari wa Kihindi na wafanya biashara wa Kihindi walitangulia kuifungua nchi, akauliza kama serikali yenye uaminifu yaweza kuwasukuma nje. Maneno mazuri hayo. Mwaka 1922, sasa akiwa Waziri wa Makoloni mwenyewe, alisimama karamuni London akathibitisha ya kuwa nyanda za juu za Kenya zimewekewa Wazungu. Aliyekuwa ameuliza swali ndiye aliyelijibu, na jibu halikufanana na kitabu chake.

Chapa ndefu ya The River War imetolewa upya katika miaka yetu hii. Ajuaye Kiingereza na aitafute hiyo, wala asiridhike na ile ya 1902.