Félicité: nani aliulizwa mbele ya kukata mguu?

Wiki iliyopita nimeangalia tena Félicité, filamu ya Alain Gomis ya 2017, ile iliyopata Étalon d'or huko Ouagadougou mwaka ule ule. Wengi wetu tunaisifu juu ya Véro Tshanda Beya na muziki ya Kasai Allstars. Ni haki yao. Lakini mara hii macho yangu yalibakia hospitalini.

Munakumbuka: Félicité anaimba kwenye baa Kinshasa, mtoto wake Samo anapata ajali ya pikipiki. Hospitali inasema lipa kwanza, njo tumpasue. Mama anazunguka mji mzima, anadai madeni, analipa polisi amsindikize, anaingia mpaka kwa tajiri kuomba. Kurudi na feza, mguu umeshakatwa.

Mbio za feza, Gomis anazionyesha vizuri sana. Kila mtu aliyekaa kwenye baraza ya hospitali anazijua: ordonansi mkononi, simu kwa wajomba, "tuma hata kidogo". Penye ninamlaumu ni pengine. Nani aliamua kukata? Nani alimweleza Samo, kijana mkubwa mwenye kuelewa? Filamu inapita hapo haraka haraka, halafu inaingia kwenye mapenzi, usiku na ndoto. Samo ananyamaza karibu mpaka mwisho. Watu wanasema ni huzuni. Mimi ninaona mgonjwa ambaye hakuna mtu alimuuliza kitu.

Mutanijibu kama Gomis si mwanasheria, na sheria yetu ya afya ya umma, yenye inaongelea haki za mgonjwa, ilitoka Desemba 2018, nyuma ya filamu. Sawa. Lakini filamu inatuachia wazo moja la hatari: kama feza ingefika saa, yote yangeenda muzuri.

Mwaka jana nililala hospitalini kumlinda koko yangu. Fakitire ilikuwa imelipwa yote. Nikauliza: "Mama muganga, samahani, hii dawa ni ya nini?" Akajibu: "Wewe ni docteur?" Mimi ni agronome. Mkulima akinunua dawa ya viwavi vya mahindi, ananilazimisha nimsomee etiketi yote, kipimo, na siku ngapi za kungoja mbele ya kuvuna. Na ni juu ya mahindi! Pale hospitalini, na licence yangu, nikanyamaza kama Samo.

Kesho yake nikauliza tena, kwa heshima, mbele ya docteur wa zamu. Akaeleza, dakika mbili tu. Koko akasikiliza, akasema: "Kumbe ni ya tansio? Mie nilifikiri ni ya kunilalisha usingizi." Akainua mto. Vidonge vya siku tatu vilikuwa pale chini.