Taa Kiganjani

Usiku, bustanini, Felicitas anaweka sigara midomoni mwake, kisha anaihamishia midomoni mwa Leo. Kijana anawasha kiberiti, na nyuso za Greta Garbo na John Gilbert zinachomoza gizani. Mwanamke anaupuliza moto. Hakuna neno lililosikika, lakini mtazamaji ameshajua kwamba kijana huyu amekwisha.

Filamu hiyo bubu ni Flesh and the Devil ya mwaka 1926, iliyoongozwa na Clarence Brown. Mwanga ule haukutoka kwenye njiti. Moto wa kiberiti ulikuwa hafifu mno kwa kamera za siku zile, hivyo mpigapicha William Daniels alificha taa ndogo kiganjani mwa Gilbert. Naistahi sana kazi ya namna hii, ya fundi anayetengeneza tamaa kwa waya na balbu, kisha anajificha nyuma ya uzuri wa wengine.

Brown naye alijua la kuficha. Leo anapopambana kwa bastola na mume wa Felicitas, tunaona vivuli viwili vyeusi vikipeana mgongo na kutoka kwenye picha, kila kimoja upande wake. Moshi unafuka huku na huku. Nani kaanguka? Mara Felicitas yuko mbele ya kioo, anajaribu kofia nyeusi ya msiba. Tumejua aliyekufa, na tumejua pia kwamba mjane hana machozi.

Lakini kilele changu kiko kanisani. Felicitas sasa ameolewa na Ulrich, rafiki wa Leo wa tangu utotoni. Kwenye Meza ya Bwana, kikombe kinamfikia baada ya Leo, naye anakigeuza ili anywee palepale midomo ya Leo ilipogusa. Kurasa nzima za maneno zisingeufikia uzito wa kitendo hicho.

Hadithi, iliyotokana na riwaya ya Hermann Sudermann, inamwadhibu Felicitas kwa kumzamisha chini ya barafu, na wanaume wawili wanapatana. Siukubali uamuzi huo. Anazama akikimbia kwenda kuwazuia Leo na Ulrich wasiuane, na tamaa ile ilikuwa ya wote. Mwanga wa Daniels, kwa macho yangu, haukumhukumu hata mara moja. Ukiitazama filamu hii, usimsifu Garbo peke yake. Litaje na jina la mpigapicha.