Jina Lililovuka Mto: Tafakari juu ya Kadi za Alfredo Jaar

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Kisha jeshi la RPF likaitwaa ng'ambo ya pili, na njia ikafungwa. Watu walizuiwa, bali mto Kagera haukuzuiwa. Uliendelea kuchukua maiti hata Ziwa Victoria, na kandokando ya Ziwa watu wakaogopa kula samaki. Mchungaji ahubiriye leo Igogo, mahali ambapo nyumba zimepanda juu ya mawe na Ziwa liko chini yake, anahubiri kando ya maji hayo hayo. Kwa hiyo sanaa iliyotokana na msiba ule yatuhusu, hata kama ilionyeshwa mbali nasi.

Agosti 1994 Alfredo Jaar, msanii mzaliwa wa Chile akaaye New York, aliingia Rwanda. Alipiga picha nyingi. Lakini kazi yake iitwayo Signs of Life, yaani Dalili za Uhai, haionyeshi maiti hata mmoja. Alitwaa kadi za posta za kitalii, akaandika juu yake majina ya watu aliokutana nao, akitangaza kwamba kila mmoja wao yu hai bado. Posta ya Rwanda ilikuwa imesimama. Kadi zikatumwa kutoka Uganda kwa rafiki zake katika nchi mbalimbali.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba inakataa hesabu. Magazeti yalitaja maelfu; Jaar alitaja mtu. Msomaji wa Isaya 43 ajua uzito wa kuitwa kwa jina. Tena kadi iliyochapishwa ili kumvutia mtalii ikageuzwa kuwa ushuhuda juu ya wenyeji, ambao mtalii hakuja kuwatazama.

Hata hivyo yatupasa kuuliza: kadi zilifika kwa nani? Zilifika kwa marafiki wa msanii. Watu wa Ngara, Bukoba, Mwanza na Rakai, walioshiriki mto na Ziwa pamoja na Wanyarwanda, hawakuandikiwa. Wala aliyetajwa hakuandika mwenyewe; aliandikiwa. Kwetu salamu haikamiliki mpaka iitikiwe, na kadi hizi hazikumpa mwenye jina nafasi ya kuitikiwa.

Yaweza kujibiwa kwamba ni wakubwa wa dunia waliostahili kuamshwa, kwa maana Aprili 21, 1994, Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda. Jibu hilo lina haki yake. Lakini dhamiri ya walio mbali ikiamshwa, jirani bado hajakutanishwa na jirani. Sanaa iliyovuka bahari ilipita juu ya mto bila kuwaunganisha watu wa kingo zake.

Upande wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo, yako makaburi ya zaidi ya watu 10,000 waliotolewa majini. Wengi wao hawajulikani majina. Kadi za Jaar ni majina pasipo miili. Makaburi yale ni miili pasipo majina. Kila kimoja chamhitaji mwenzake, na hakuna jumba la sanaa liwezalo kuviunganisha peke yake.

Hapo ndipo Kanisa linapoingia. Damu ya Habili yalia kutoka katika nchi (Mwa. 4:10), nasi tumezoea kudhani kwamba maji husahau. Usharika wa kando ya Ziwa waweza kuwaandikia wenzao wa ng'ambo, ukitaja majina ya watu wake na kuomba majina yao, ili wote wayasome katika sala ya kanisa. Jambo hilo halihitaji msanii mashuhuri. Lahitaji kalamu, stempu, na uvumilivu wa kungoja jibu. Jaar ametufundisha kuandika jina la mwenzetu. Ni juu yetu kuandika pia anwani yetu, ili aweze kutujibu.