Brideshead Revisited: Ndoa Iliyokwepwa

Wengi wetu tukimaliza kusoma Brideshead Revisited (1945), riwaya ya Evelyn Waugh, husema: dini imevunja mapenzi. Julia ni Mkatoliki, Charles hasadiki, basi Kanisa limewatenganisha. Uhakiki huu ni mwepesi mno. Hebu turudi kitabuni.

Kisheria, kutoamini kwa Charles si kizuizi kisichoondoka. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, zilizotumika wakati huo, zilimruhusu Mkatoliki kuoana na asiye Mkatoliki, hata asiyebatizwa, kwa kibali maalumu na kwa ahadi kwamba watoto wote watalelewa kikatoliki. Kizuizi hasa ni Celia, mke wa Charles. Mahakama inaweza kuwapa talaka, lakini mbele ya Kanisa yeye bado ni mke.

Sasa kutoamini kwa Charles kuna kazi gani? Kazi yake inaonekana tukimlinganisha na Rex Mottram. Rex, ili amwoe Julia, yuko tayari kubadili dini. Anaitikia kila neno la padri, na Cordelia, mdogo wake Julia, anapomtania eti Vatikani kuna tumbili watakatifu, hilo nalo analimeza! Charles haitikii. Anabisha waziwazi padri asiletwe kwa Lord Marchmain, baba yake Julia, anayekata roho. Kwa maoni yetu, ubishi wa Charles una heshima kuliko "ndiyo" ya Rex, maana anayebisha ameona kwamba kuna jambo zito mbele yake. Ndiyo sababu Charles huyo huyo anapiga magoti kando ya kitanda, akiomba mzee atoe ishara, kwa ajili ya mwanamke anayempenda. Ishara inatolewa, na ndiyo inayompokonya Julia. Hapa Waugh ni fundi kweli.

Lakini kuna jambo analolikwepa. Lord Marchmain aliingia Ukatoliki kwa sababu ya ndoa, kisha akamkimbia mke na dini pamoja. Rex anaigiza tu. Charles, mwishoni, tunamkuta akisali kanisani Brideshead; amekwisha amini, lakini yuko peke yake. Basi hakuna hata nyumba moja ambamo mmoja anaamini, mwenzake haamini kwa dhati, na bado wanaishi: Jumapili mmoja aende Misa, mwingine abaki, na mtoto aulize kwa nini. Waugh, aliyepokelewa Kanisani mwaka 1930, anamwona asiyeamini kama msafiri ambaye hajafika, si kama mume.

Msomaji anayempenda mtu wa namna hiyo, na wapo humu humu madarasani, atafunga kitabu akijua namna ya kuachana vizuri. Namna ya kukaa pamoja hataiona. Huo, jamani, ni upungufu wa maudhui, na uzuri wa fani usitufumbe macho.