Ufundi wa Kupiga Kambi Kando ya Barabara

Dereva anayeifuata barabara ya zamani namba 5, mashariki mwa jimbo la Vermont nchini Marekani, anaweza kuipita Hifadhi ya Jimbo ya Wilgus asijue kama ameipita. Upande mmoja kuna lami, upande wa pili Mto Connecticut. Kati yake pamekaa miti mirefu, meza za mbao, sehemu za kuwashia moto na vipenu vichache. Maporomoko ya maji hayapo. Korongo la kupigia picha halipo. Siku hizi magari mengi hushika barabara kuu mpya, namba 91, na waliomo wanakimbilia mahali penye majina makubwa.

Wanachokipita ni mojawapo ya shule bora za kupiga kambi. Katika hifadhi kubwa, mandhari humbeba mgeni: hata hema likilegea na chai ikiingia moshi, mlima ulio mbele yake utamsahaulisha. Hifadhi ndogo ya kando ya barabara haina msaada huo. Usiku ukipita vizuri hapo, umepita vizuri kwa sababu kazi ilifanywa sawasawa, na kazi hiyo ni ya mikono ya watu wawili: aliyepatayarisha mahali zamani, na aliyefika leo jioni.

Aliyetangulia hapa ana historia ya kushangaza. Ardhi ilitolewa na Kanali William J. Wilgus, mhandisi wa kampuni ya reli ya New York Central. Mwaka 1902 ndiye aliyependekeza kwamba treni za moshi ziondolewe katikati ya jiji la New York, zije za umeme, reli zipite chini ya ardhi kwa ghorofa mbili, na nafasi iliyobaki juu itumike kujengea majumba. Kutokana na wazo hilo kilizaliwa kituo cha Grand Central, kilichofunguliwa mwaka 1913. Mtu aliyetumia akili yake kuupitisha umati wa watu mjini bila kukwama aliishi uzeeni karibu na mto huu, na jina lake limebaki kwenye mahali ambapo watu wachache hukaa bila haraka ya kwenda popote.

Hifadhi za namna hii hazikuota zenyewe. Januari 1921 watu waliojali hifadhi za majimbo walikutana Des Moines, Iowa, kwa juhudi za Stephen Mather, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya hifadhi za taifa. Shabaha waliyoinuia ilikuwa hifadhi ya jimbo kila baada ya maili 100, ili familia yenye gari dogo isilazimike kuvuka nusu ya nchi ndipo ipate mti wa kulala chini yake.

Lakini gari lilikuja na madhara yake. Wasafiri waliliingiza hadi kwenye mashina ya miti, kila mmoja akijichagulia pa kupita. Magurudumu yakaushindilia udongo, mizizi ikakosa hewa na maji, na miti ile ile iliyowavutia watu ikaanza kufa. Aliyeliona tatizo kwa undani alikuwa Emilio Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, aliyekuwa amechunguza madhara ya watalii kwenye miti mikubwa ya California. Mwaka 1932 alitoa mwongozo wa kupanga kambi. Barabara izunguke na iwe ya kuelekea upande mmoja tu. Kila kambi iwe na kijia chake cha kuegesha, kilichokatwa kwa mshazari ili gari liingie bila taabu. Mawe na magogo yalizuie lisivuke hapo. Meza na jiko viwekwe mahali pamoja pasipohama, maana watu hutembea kuelekea kilipo chakula, na vichaka vilivyo kati ya kambi na kambi viachwe vikue.

Huu ni ufundi wa hali ya juu kwa sababu hauonekani. Mpango huo ulienea Marekani nzima, na leo mgeni anayeingiza gari lake mahali pake, akashuka na kuikuta meza hatua chache tu mbele, anadhani ameamua mwenyewe kila hatua aliyopiga.

Mikono iliyojenga ilikuwa ya vijana. Mwaka 1933, nchi ikiwa katika dhiki kuu ya uchumi, Rais Franklin Roosevelt aliunda kikosi cha kazi za uhifadhi kwa vijana wasio na ajira. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida dola 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa familia zao. Walichimba barabara, wakapanda miti, wakajenga kuta za mawe na vibanda, na Wilgus ni mojawapo ya kazi zao. Kikosi kilivunjwa mwaka 1942. Vijana waliofika bila ujuzi wowote waliondoka mafundi, na nchi ikabaki na mamia ya hifadhi.

Kipenu cha Vermont kinastahili sifa ya peke yake. Kina kuta tatu za mbao, sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi, paa lililoinama kwa nyuma, na upande wa mbele hauna ukuta kabisa. Anayelala humo hanyeshewi, na bado anauona moto wake akiwa kitandani. Ni ujenzi wa busara: aliyeuchora alijua ni kiasi gani cha nyumba kinamtosha mtu kwa usiku mmoja, akaishia hapo.

Asiyepata kipenu atapiga hema, na kazi huanza kabla mfuko haujafunguliwa. Kwanza anatazama juu: tawi lililokufa likining'inia, anahama. Kisha anatafuta sehemu iliyoinuka kidogo, kwa sababu bonde dogo linalopendeza jioni huwa dimbwi usiku. Turubai la chini lisizidi ukingo wa hema hata kidogo. Likizidi litayakinga maji ya mvua kama sahani na kuyaleta chini ya godoro. Vigingi vipigwe vikiwa vimelalia upande wa nje, na kamba zikazwe tena kabla ya kulala, maana kitambaa cha nailoni kikilowa hulegea. Dirisha liachwe wazi kidogo. Pumzi za watu wawili usiku kucha zinatosha kulowesha hema zima kwa ndani.

Moto nao una adabu zake, na ya kwanza ni ya kuni. Mwaka 2002, karibu na Detroit, aligunduliwa mdudu wa kijani kutoka Asia anayetoboa miti iitwayo ash, akaua mamilioni kwa mamilioni ya miti hiyo. Yeye mwenyewe haruki mbali. Wasafiri ndio waliomsaidia kuvuka majimbo, akiwa amejificha katika kuni zao. Alipatikana Vermont mwaka 2018. Ndiyo maana mpiga kambi mwema hununua kuni palepale anapozichomea. Huanza na vibanzi vyembamba, hupanda taratibu hadi vipande vinene, huupa moto hewa, na hupika juu ya makaa wakati ndimi zimeshatulia. Akimaliza humwaga maji, hukoroga, humwaga tena, kisha husogeza mgongo wa mkono karibu na jivu. Likiwa na joto, bado hajamaliza.

Kelele za barabara zipo, na hakuna haja ya kuzificha. Lori likipita juu ya lami, sauti yake hufika kambini. Hata hivyo, baada ya saa nne usiku, muda wa ukimya ukianza, hifadhi ndogo hutegemea heshima ya majirani kuliko umbali wao, na watu wasiofahamiana huongea kwa sauti ya chini kwa ajili ya mtoto wa hema la pili.

Asubuhi kuna mto. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1933 kwamba mpaka wa Vermont na New Hampshire unapita kwenye ukingo wa magharibi, maji yanapokuwa chini. Kwa hiyo anayekunywa chai katika kambi ya Wilgus yumo Vermont, na akiingia majini kuogelea yumo jimbo jingine.

Familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa na asili ya Kongo, zinaishi Burlington, na nyingine Manchester ng'ambo ya mpaka. Kote kuwili ni mwendo usiozidi saa mbili hivi kwa gari. Wenye hema la kuazima waende katikati ya wiki, wawachukue watoto na bibi, walipe ada ya kambi na kununua kuni hapohapo. Waende mapema: msimu hufungwa Oktoba.