Siku nane baada ya Rhotia

Jumamosi ya Mei 6, 2017, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa njiani kwenda Karatu. Ndani yake walikuwamo wanafunzi wa darasa la saba, wakienda kufanya mtihani wa ujirani mwema na wenzao wa Tumaini Junior. Kwenye mteremko wa Marera, Rhotia, basi likaacha njia na kutumbukia korongoni. Wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu wakatoka hai, mifupa imevunjika sehemu nyingi.

Wengi tunaukumbuka msiba huo kwa yale majeneza yaliyopangwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Safu hii inautazama upande mwingine, wa kazi iliyofanyika baada ya korongo. Mei 14, siku nane tu baada ya ajali, watoto hao watatu walikuwa ndani ya ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wamelala, mama zao pembeni, daktari na muuguzi wa Hospitali ya Mount Meru wakiwa nao, safari ya Marekani. Anayejua inavyochukua muda kupata rufaa ya nje, hati ya kusafiria na viza kwa mgonjwa mmoja tu, atajiuliza ilikuwaje.

Shirika lililoshika kazi hiyo ni STEMM, kifupi cha Siouxland Tanzania Educational Medical Ministries. Si shirika kubwa. Lilianzishwa miaka ya 1990 na Dk. Steve Meyer, daktari bingwa wa mifupa wa eneo la Sioux City, Iowa, na kwa miaka yote hiyo limekwenda kwa nguvu za watu wa kujitolea. Wanalipia watoto wa Kitanzania karo ya sekondari, wanatunza yatima, wanaleta madaktari kwa zamu. Watu wao wakimaliza kazi hufanya kama wageni wengine wote, hupanda barabara ya Karatu kwenda kuona wanyama. Watatu kati yao walikuwa kwenye barabara hiyo asubuhi ile. Waliteremka korongoni pamoja na wananchi, wakasaidia kuwatoa watoto waliokuwa bado wanapumua.

Hapo palikuwa na bahati, na bahati haifundishiki. Kilichofuata kinafundishika.

STEMM haikuanza kwa kuchangisha. Ingefanya hivyo, ingefungua ukurasa, ingesubiri fedha ziingie, ingetafuta kampuni ya ndege za wagonjwa, ingelipa amana, na mmoja wa watoto hao, aliyeumia uti wa mgongo, angekuwa bado anasubiri kitandani Arusha. Badala yake kila mhusika aliombwa kitu kimoja alichokuwa nacho tayari. Hospitali ya Mercy ya Sioux City, ambako Meyer na wenzake walikuwa wakifahamika, iliombwa vitanda, chumba cha upasuaji na wataalamu, na ikakubali kutibu bure. Steve King, wakati huo mbunge wa Iowa katika Bunge la Marekani, aliombwa simu zake. Simu hizo zikamfikia Franklin Graham wa shirika la Samaritan's Purse, ambaye aliombwa ndege. Shirika hilo lilikuwa na DC-8, jeti ya zamani ya kubebea shehena za misaada, yenye nafasi ya kulaza mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kiti. Kiwanja cha ndege cha Kisongo, Arusha, ni kifupi kwa ndege ya namna hiyo, lakini KIA ina njia ya kurukia ya zaidi ya mita 3,500, na haiko mbali na Mount Meru.

Upande wa Tanzania alikuwapo Lazaro Nyalandu, wakati huo mbunge wa Singida Kaskazini na waziri wa zamani wa Maliasili na Utalii. Nyalandu alisoma chuo Iowa, katika Chuo cha Waldorf, na anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa STEMM. Kwa hiyo palipohitajika saini ya ofisi ya serikali, shirika lilikuwa na mtu anayejua mlango wa kubisha, na ndani alikuwapo anayejua kwamba anayebisha si tapeli. Katika uendeshaji wa mashirika madogo hili la mwisho halisemwi sana. Karo walizolipa mwaka hadi mwaka bila kelele ndizo zilizowafanya waaminiwe ndani ya wiki moja. Uaminifu wa namna hiyo haununuliwi siku ya dharura.

Sasa tazama fedha zilizochangwa wiki hizo hizo. Rambirambi zilimiminika Arusha kutoka kila upande: makampuni, shule, vyama, watu binafsi. Punde yakazuka malumbano hadharani kuhusu nani azipokee na nani azigawe. Mei 18, polisi waliwakamata pale shuleni Lucky Vincent meya wa Jiji la Arusha, viongozi wa dini, viongozi wa umoja wa shule binafsi na waandishi wa habari, walipokuwa wamekwenda kukabidhi rambirambi. Siasa za mkasa ule nawaachia wengine. Kiufundi, tatizo lilikuwa jepesi kulieleza: fedha zilitangulia, utaratibu ukafuata nyuma. Fedha za namna hiyo zinahitaji akaunti moja inayotangazwa siku ya kwanza, na orodha ya matumizi ambayo kila mfiwa anaweza kuisoma. Fedha isiyotajiwa kazi kabla haijaingia, kila mmoja huipa kazi yake.

Msomaji aliye kwenye kamati ya kituo cha watoto pale Karatu atasema, na atakuwa na haki, kwamba yeye hana mbunge wa Iowa wala DC-8. Lakini anayo barabara. Kila gari la watalii linalotoka Arusha kwenda lango la Lodoare la Ngorongoro hupita Karatu mjini, na huenda ndiyo maana vituo vya watoto vimekuwa vingi upande huu. Fedha ya barabarani ina tabia yake. Huja Julai na Agosti, hukauka mvua za masika zinapoanza, wakati mtoto anakula miezi yote 12. Mgeni huacha dola na pipi, hupiga picha na kwenda zake. Kituo kikizoea fedha hiyo, kitajikuta kinawahitaji watoto wa kuonyesha, na hilo ni jambo baya kuliko njaa ya masika.

Pale pale Rhotia wamejaribu kuipa fedha hiyo mkondo. Rhotia Valley wana hoteli ya mahema na makao ya watoto, na hoteli ndiyo inayochangia makao. Mtalii analipia kitanda chake, hoteli inaandika hesabu zake kama biashara yoyote, na si lazima mtoto aimbe. Oldeani, kwenye mashamba ya kahawa, kuna Rift Valley Children's Village, iliyofunguliwa mwaka 2004 na India Howell, Mmarekani, pamoja na Peter Mmassy. Nao walianza na makao, kisha kazi ikawasukuma nje ya uzio: shule ya kijiji, zahanati, mikopo midogo kwa majirani. Sababu inaeleweka. Watoto wengi wanaofikishwa kwenye makao wana ndugu. Kinachokosekana nyumbani ni uwezo. Shilingi inayomwezesha bibi kubaki na mjukuu wake inafanya kazi kubwa kuliko inayomjengea mjukuu bweni, ingawa bweni ndilo linalopendeza kwenye picha.

Sheria nayo imesimama upande wa utaratibu na hesabu zilizo wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni na yasimamiwe na ustawi wa jamii. Kanuni za mwaka 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali zikaongeza kwamba anayepata zaidi ya shilingi milioni 20 atangaze hadharani fedha hizo na matumizi yake. Vikundi vidogo vinalalamika kwamba huo ni mzigo. Ni kweli mzigo upo, lakini daftari la kaunta linaloandikwa kila jioni, watia saini watatu wasio wa ukoo mmoja, na risiti zilizobandikwa kwa tarehe, huupunguza sana.

Njia ya STEMM ya kuomba inawezekana kabisa kwa kikundi cha watu saba. Barua inayosema "tunaomba msaada kwa watoto wetu" haina jibu. Barua ya kufaa inakwenda kwa mwenye duka la magodoro, inataja magodoro sita, futi mbili na nusu kwa sita, unene inchi sita, yanahitajika kabla ya Januari 5, gari la kuyachukua lipo na ni la mjumbe fulani. Mwenye duka anaweza kujibu ndiyo, hapana, au nitatoa matatu. Barua nyingine inakwenda kwa daktari wa meno, ikiomba Jumamosi moja. Nyingine kwa mhasibu wa hoteli, ikiomba jioni mbili za kufunga hesabu za mwaka. Kila mmoja anaombwa kitu kilicho mkononi mwake, kwa kipimo kinachojulikana mwisho wake.

Kitu kimoja tu hakiombeki kwa njia hiyo, nacho ndicho kinachoua vikundi vingi: gharama za kuendesha. Hakuna mfadhili anayefurahia kulipia vocha, mafuta ya pikipiki ya kumtembelea bibi kule Mang'ola, au posho ya mweka hazina anayekosa siku ya shamba. Watoto watatu waliporudi KIA Agosti 18, 2017, ndege ilikuwa ile ile na mapokezi yalikuwa makubwa, lakini mifupa iliyounganishwa bado ilihitaji mazoezi, kliniki na usafiri wa kuifikia, na kwa aliyeumia uti wa mgongo mahitaji hayo hayana msimu. Ndege huombwa mara moja. Nauli ya kliniki huombwa kila mwezi, na wa kuiombea ni wale wale waliojitolea, wenye kazi zao na watoto wao. Kwa hiyo kamati inayoanza leo Karatu ingefanya vyema kukata sehemu ya gharama za kuendesha mapema, asilimia iliyoandikwa kwenye katiba ya kikundi na kusomwa mbele ya kila mchangiaji, kabla shilingi ya kwanza haijaingia.